Barua inasema 23:10, grafu inasema saa nane usiku: nani anatumia laini ya chuo chetu?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa mtandao katika chuo kikuu hapa Tanzania, tuko wawili tu, mimi na mwenzangu wa mkataba. Hii ni wiki ya pili: kila usiku kuanzia kama saa nane, trafiki inayotoka chuoni kwenda nje inapanda hadi Mbps 180, na laini yetu nzima ni Mbps 200. Wiki iliyopita mtoa huduma alituandikia barua pepe kwamba anwani yetu ya nje imeonekana kwenye mashambulizi, tukio la 23:10. Mkurugenzi aliniagiza nitoe orodha ya vifaa vilivyokuwa hewani kwenye Wi-Fi ya hosteli saa tano na dakika kumi usiku huo. Nimepata 43, na sasa anataka majina ya wenye vifaa yapelekwe kamati ya nidhamu. Katika kutafuta nimekuta pia kifaa kimoja cha hosteli, 10.10.24.57, ambacho kila baada ya dakika tano kinauliza majina ya DNS marefu yasiyosomeka. Cha ajabu, grafu ya swichi ya hosteli yenyewe usiku haipandi kitu. Antivirus za maabara zinasema kompyuta zote ni safi. Je, huyu wa 57 ndiye mshambuliaji? Nikiweka Wireshark kunasa trafiki, nitaweza kuona wanachofanya? Na je, nizime Wi-Fi ya hosteli usiku mpaka tumpate?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kukesha. Naanza na ile orodha ya vifaa 43, kwa sababu kati ya yote uliyoandika hiyo ndiyo inayoweza kumuumiza mtu asiye na kosa, tena wiki hii hii. Usiipeleke. Ina kosa la saa.

Watoa huduma na vikosi vya dharura za mtandao wana desturi ya kuandikiana kwa UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, ili mtu wa Dodoma na mtu wa Frankfurt wasipishane. Sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC. Fungua tena ile barua pepe, tazama pembeni ya 23:10 kama kuna UTC, GMT, herufi Z au +0000. Nakisia utaikuta. Kama ipo, tukio lilitokea 02:10 kwa saa ya ukutani hapa kwetu, yaani saa nane na dakika kumi usiku, na tarehe ilikuwa imeshageuka. Sasa weka hiyo saa nane juu ya grafu yako. Zinakaa pamoja, sivyo? Mlichoorodhesha nyinyi ni watu 43 waliokuwa wakichezea simu saa tatu kabla ya tukio.

Usijilaumu sana. Waswahili tunatembea na saa mbili kichwani, na kompyuta inatuongezea ya tatu. Chuo kimoja nilichowahi kuitwa, daftari la maabara lilikuwa linajazwa kwa mkono: fulani ameingia saa 2. Logi ya seva ya matokeo nayo ilionyesha mtu ameingia saa 02:00. Kijana akaandikiwa barua ya kujieleza. Kumbe yeye aliingia maabara saa mbili asubuhi, wenzake wakiwa kwenye foleni ya chai, na ile 02:00 ilikuwa seva yenyewe ikijinakilisha data kama ilivyopangwa. Tuligundua baada ya siku tatu. Kijana alikuwa ameshapoteza mtihani mmoja.

Kwa hiyo kabla hujafungua programu yoyote ya uchunguzi, pita kwenye ruta, swichi, seva ya DHCP (ile inayogawa anwani kwa vifaa) na kidhibiti cha Wi-Fi, uone vyote vinachukua saa kutoka seva moja ya NTP, huduma ya kusawazisha saa za vifaa. Ruta nyingi za bei nafuu hazina betri ya kutunza saa: umeme ukikatika na NTP ikawa haijawekwa, zinaamka zikiamini tuko mwaka 1970, na logi zake hazitakusaidia kitu. Halafu tafuta daftari. Kila utakachoona, kiandike kwa saa zote mbili, UTC na ya hapa, kwa mtindo wa tarakimu nne. Saa ya Kiswahili tuiache kwa ajili ya kuitana chakula.

Sasa tuingie kwenye tatizo lenyewe. Ukisoma swali lako polepole utaona umeniletea mambo mawili yaliyofungwa kamba moja: mafuriko ya Mbps 180 yanayotoka usiku, na kifaa kinachonong'ona majina ya ajabu kila dakika tano. Mkurugenzi ameyaunganisha kwa sababu uliyakuta siku moja. Hakuna kingine kinachoyaunganisha. Tena wewe mwenyewe umeshaandika ushahidi wa kuyatenganisha, ukauita "cha ajabu": grafu ya swichi ya hosteli haipandi usiku.

Hebu fikiria mabomba. Maji ya hosteli yanapita bomba la hosteli, yanafika kwenye tangi kuu, yanatoka nje. Kama nje yanatoka mapipa 180 na bomba la hosteli limepitisha pipa moja, maji hayo hayajatoka hosteli, hata kama wanaoishi hosteli ni watundu kiasi gani. Fanya hesabu hii leo usiku: kwenye ruta kuu, jumlisha trafiki inayoingia kutoka poti zote za ndani, za hosteli, utawala, maabara, maktaba na chumba cha seva. Linganisha jumla hiyo na inayotoka kwenye poti ya mtoa huduma. Ukiona poti ya chumba cha seva imebeba Mbps 175, basi kamuulize kwanza anayesimamia seva kama hajapanga kunakili data kwenda nje saa nane usiku. Ndiyo saa wanayoipenda mafundi wote duniani, na nimeshaona "shambulio" likiishia hapo. Lakini ukiona poti za ndani zote kwa pamoja hazifiki hata Mbps 15 wakati nje inatoka 180, hapo jibu ni moja tu: ruta yenyewe ndiyo inayozalisha trafiki hiyo.

Mimi dau langu liko hapo. Na kwa kuwa mmeandikiwa barua ya mashambulizi, nadhani ruta yenu inatumika kama kioo cha kurudishia DNS. Nieleze kidogo, maana ukielewa hili mengine yatajipanga yenyewe.

Kompyuta zikiongea kwa TCP, kwanza zinapigiana hodi. Moja inasema hodi, nyingine inajibu karibu, ya kwanza inathibitisha, ndipo mazungumzo yanaanza. UDP haina hodi. Inatupa bahasha dirishani na kuondoka, na aliye ndani anajibu kwa anwani iliyoandikwa nyuma ya bahasha bila kuuliza kama ni ya kweli. DNS, ile huduma ya kugeuza majina kuwa anwani za namba, kwa kawaida hutumia UDP kwenye poti namba 53 (hapa poti ni namba ya mlango wa huduma, si tundu la kebo). Mshambuliaji anachofanya ni kutuma swali dogo la baiti 60 hivi kwa ruta yako, nyuma ya bahasha ameandika anwani ya mtu anayetaka kumwangusha. Ruta yako, kwa uungwana wake wote, inatuma jibu la maelfu ya baiti kwa yule mtu. Mshambuliaji hufanya hivyo kwa maelfu ya ruta kwa wakati mmoja. US-CERT, kikosi cha dharura za mtandao cha Marekani, katika tahadhari yake ya mwaka 2014, iliweka ukuzaji huu wa jibu kuliko swali kati ya mara 28 na 54 kwa DNS, na mara 556.9 kwa seva za zamani za NTP zilizoachwa zijibu amri ya monlist.

Hapa kuna jambo linalowapotosha watu wengi sana. Ukitazama logi utaona trafiki yako yote inakwenda anwani moja ya nje, labda Brazili, labda Urusi, na utashawishika kusema mwizi yuko huko. Hapana, huyo ndiye anayepigwa. Mwizi hajaacha anwani yake popote kwenye logi yako, ndiyo maana alichagua UDP. Ukiifunga anwani hiyo kwenye fayawoli, ule ukuta wa kuchuja trafiki, kesho atapigwa mwingine kupitia kwako.

Hukunitajia aina ya ruta. Vyuo vingi nilivyopita nimekuta ruta za kampuni ya MikroTik, na kwenye MikroTik kosa lenyewe ni kisanduku kimoja kwenye ukurasa wa DNS, kile cha kuruhusu maombi ya mbali. Fundi hukipigia alama ili simu za hosteli ziweze kuiuliza ruta majina. Asichokijua ni kwamba ruta haitofautishi anayeuliza kutoka ndani na anayeuliza kutoka nje, mpaka fayawoli iambiwe. Kujua kama ndivyo ilivyo kwenu hakuhitaji mtaalamu kutoka mbali. Zima Wi-Fi kwenye simu yako, washa bando, tumia programu yoyote ya kuuliza DNS, uielekeze kwenye anwani ya nje ya chuo na uulize jina lolote la kawaida. Ikijibu, umempata. Kisha usiku, wakati mafuriko yanaendelea, tazama trafiki kwa namba za poti: inayotoka iwe imetoka poti 53, na inayoingia kwenda poti 53 iwe kidogo tu. Kwa ukuzaji wa kama mara 45, Mbps 180 zinazotoka zinahitaji Mbps 4 tu zinazoingia. Ndiyo maana hukuwahi kuona kitu upande wa kuingia; nani angeshtuka kwa Mbps 4?

Dawa ni fupi kuliko maelezo. Kwenye fayawoli ya ruta, tupa maombi yote ya UDP na TCP ya poti 53 yanayoingia kutoka upande wa mtoa huduma. Usizime DNS kabisa, maana asubuhi chuo kizima kitakupigia. Ukiwa hapo hapo, tazama na poti 123 ya NTP, 161 ya SNMP (usimamizi wa vifaa), na 8291 ya Winbox (programu ya kusimamia MikroTik), zisifunguke kwa dunia. Na hili la Winbox usilipite haraka. Kuna kasoro iliyopewa namba CVE-2018-14847 iliyomwezesha mtu wa nje kusoma watumiaji na nywila za ruta bila kuingia. MikroTik walitoa marekebisho Aprili 2018, wengi wakasasisha, wakasahau kwamba nywila zilishaibwa. Mwaka 2021 lilipoibuka jeshi la vifaa lililoitwa Mēris, sehemu kubwa yake ilikuwa ruta za MikroTik, na maelezo ya kampuni yenyewe yalikuwa kwamba nyingi zilivunjwa tangu 2018 na nywila hazikubadilishwa. Kwa hiyo sasisha, badili nywila, kisha pitia kama kuna mtumiaji usiyemjua, kazi zilizopangwa ambazo hukuzipanga, au huduma ya SOCKS, inayopitisha trafiki ya watu wengine, imewashwa. Ukikuta kimojawapo, acha kuitengeneza. Iko haja ya kuifuta na kuijenga upya, na nitakuja kusema nani akusaidie.

Jambo dogo la kukutuliza: ukishafunga, yale maswali yanayoingia hayatakoma siku hiyo hiyo. Anwani yenu iko kwenye orodha za watu, wataendelea kugonga kwa siku kadhaa. Angalia inayotoka. Hiyo itashuka palepale.

Najua mkurugenzi wako atauliza: kwani wanafunzi hawawezi kufanya haya? Wanaweza. Paras Jha alikuwa mwanafunzi wa Rutgers, chuo kikuu cha New Jersey, na ndiye aliyekuwa akiangusha mtandao wa chuo chake kati ya 2014 na 2016. Huyu ni mmoja wa vijana watatu waliotengeneza Mirai, kirusi kinachokamata kamera na ruta zenye nywila za kiwandani. Mwaka 2018 mahakama ilimwamuru alipe dola milioni 8.6. Ila tazama alivyofanya: alikuwa anapiga chuo kutoka nje, kwa jeshi la vifaa vya watu wengine vilivyoambukizwa. Orodha ya waliokuwa hewani hosteli saa tano usiku isingemfikia kamwe, na ingewafikia wenzake wasiojua lolote.

Haya, tuje kwa 57.

Kwanza jina lenyewe. 10.10.24.57 ni kiti, mtu hubadilika. DHCP hukodisha anwani, na kwenye Wi-Fi ya hosteli ukodishaji mara nyingi ni wa saa chache, kwa hiyo 57 ya leo asubuhi si lazima awe 57 wa juzi usiku. Tafuta kwenye logi ya DHCP ni MAC gani, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao ya kifaa, ilikuwa imeshika anwani hiyo dakika ile ile uliyoona maombi. Ukipata MAC, tazama tarakimu yake ya pili. Ikiwa ni 2, 6, A au E, hiyo karibu kila mara ni MAC ya kubuni: Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019 na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020 hujitungia MAC kwa kila Wi-Fi. Haimaanishi mwenye simu anajificha, simu zote mpya ziko hivyo. Ikiwa si ya kubuni, tarakimu sita za mwanzo zitakwambia mtengenezaji, na hapo unaweza kushangaa: 57 anaweza akawa kamera ya mlangoni, televisheni ya ukumbi au printa ya mlezi wa hosteli.

Halafu usikilize mdundo wake. Mtu hana mdundo. Anafungua kurasa ishirini, anakwenda kuoga, anarudi, anatazama video, analala. Kinachotokea kila dakika tano, mchana na usiku, hata wakati wa likizo, kinaendeshwa na programu. Swali ni programu gani. Zipo za heri: baadhi ya antivirus huuliza sifa za faili kwa njia ya DNS, na maombi yake ni marefu yasiyosomeka hasa. Zipo za ujanja: vijana wetu wanatumia sana programu za intaneti ya bure zinazopitisha data ndani ya DNS ili kukwepa bando au ukurasa wa kuingilia wa Wi-Fi. Hizo hutoa maombi mamia kwa dakika mtu akiwa anatumia, wala hazitulii dakika tano, kwa hiyo sidhani ni hiyo, labda kama imeachwa ikipumua tu. Na zipo za shari: kirusi kinachompigia bwana wake simu kuuliza kama kuna kazi. Namna ya kuzitofautisha ni kutazama sehemu ya mwisho ya jina, ile inayobaki ileile wakati mwanzo unabadilika. Ikiwa ni jina la kampuni ya antivirus, lala usingizi. Ikiwa kila ombi lina mwisho tofauti na karibu yote yanajibiwa kwamba jina halipo, wasiwasi wako una msingi, maana kuna virusi vinavyojitungia majina ya mabwana wao kwa hesabu ya tarehe. Conficker ya mwaka 2008 ilikuwa inajitungia majina 250 kwa siku, na toleo lake la baadaye 50,000.

Kuna kisa ninachokipenda cha chuo kikuu kimoja ambacho Verizon walikieleza mwaka 2017 bila kukitaja jina. Wanafunzi walilalamika intaneti nzito. Seva za DNS zilikuwa zimelemewa na maswali, na majina mengi yaliyoulizwa yalihusu vyakula vya baharini. Wachunguzi walipofuata waliokuwa wakiuliza, hawakukuta mwanafunzi hata mmoja mwenye njaa ya pweza. Vilikuwa vifaa zaidi ya 5,000 vya chuo chenyewe, vikiwemo taa na mashine za kuuzia soda, vilivyounganishwa kwenye mtandao kurahisisha usimamizi na kuachwa na nywila za kiwandani au dhaifu. Kirusi kilizikisia, kikaingia, kikabadili nywila ili wenyewe wasirudi ndani. Kabla ya kuita mafundi wang'oe taa moja moja, timu ilinasa trafiki, ikaiona nywila mpya ikipita bila kufichwa, ikaandika programu ya kuingia kwenye kila kifaa na kubadili nywila tena.

Na hapo ndipo mahali halali pa Wireshark. Walijua wanatafuta kitu gani, wakanasa hicho. Ukiichomeka laptop yako kwenye swichi tu utaona mambo yako mwenyewe na makelele ya wote, kwa sababu swichi hupeleka pakiti kwa mwenyewe pekee. Kuona za 57 utahitaji kuweka poti ya kioo, yaani poti ya swichi inayopewa nakala ya trafiki ya poti nyingine. Hata ukiweka, kurasa karibu zote siku hizi zimefungwa kwa TLS, ufichaji wa ujumbe njiani, kwa hiyo hutasoma ujumbe wa mtu. Utaona anaongea na nani, saa ngapi, kwa kiasi gani. Hayo unayapata kwa urahisi zaidi kwa NetFlow, ambayo MikroTik wanaiita Traffic Flow: ni kama daftari la posta linaloandika bahasha bila kuzifungua. Kompyuta kuukuu ya maabara yenye diski kubwa na programu kama nfdump au ntopng inatosha kuanzia. Mimi ningeiweka hiyo kabla ya kumsikiliza muuzaji yeyote wa fayawoli ya mamilioni, na watakuja, wakisikia mna tatizo.

Tena kuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa kunasa mawasiliano bila ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa maoni yangu inagusa hata ile orodha yako ya nani alikuwa hewani saa ngapi. Kabla hujanasa pakiti za mtu, pata ruhusa ya maandishi inayosema kifaa kipi, kwa muda gani, kwa sababu gani, na mwanasheria wa chuo aione. Agizo la mdomo la mkurugenzi halitakulinda siku mambo yakigeuka.

Kuhusu antivirus kusema safi: inajua kompyuta za maabara tu. Haijawahi kuitazama ruta, kamera wala simu.

Kuhusu kuzima Wi-Fi ya hosteli, sina haja ya kukuficha, ni wazo baya. Wanafunzi watahamia bando, wale wasio na hela watasoma kwa shida, na saa nane usiku grafu itapanda kama kawaida kwa sababu maji hayatoki huko. Vivyo hivyo kuzima na kuwasha vifaa. Virusi vya jamii ya Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kifaa, ukikizima vinafutika pamoja na ushahidi, na kikiwaka na nywila ileile kinaambukizwa tena baada ya muda mfupi. Kwa 57, kihamishie kwenye VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao) ya pembeni yenye intaneti kidogo, nakili logi zake, kisha umtafute mwenyewe kwa upole. Mwambie: simu yako inaonekana ina shida, tuitazame pamoja. Mara nyingi utakuta programu ya kuvunjia leseni, au aliyopewa na rafiki kwa flash. Ukimwendea kama mwizi atafuta kila kitu kabla hujafika mlangoni, na hapo hutajua kamwe ilikuwa nini.

Haya yote unaweza kuyafanya mwenyewe na mwenzako. Yapo ambayo sitaki uyafanye peke yako. Ruta ikijirudishia mipangilio uliyoifuta, ukikuta mawasiliano ya ajabu kutoka seva ya matokeo au ya malipo ya ada, mafaili yakianza kubadilika majina na kudai pesa, au jambo likielekea kamati ya nidhamu ama polisi, ondoa mikono. Usisafishe, usizime, chomoa kebo ya mtandao tu na uache umeme. Kisha wapigie TZ-CERT, kikosi cha dharura za mtandao kilicho chini ya TCRA, na kama chuo chenu ni mwanachama wa TERNET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, waambie nao, wana watu wanaojua mitandao ya vyuo. Msomaji wa Kenya ana KENET, wa Uganda ana RENU. Mwombe mtu aje aketi na wewe mbele ya ruta. Kuna vitu havionekani kwa picha za skrini zinazotumwa usiku.

Mtoa huduma naye anasubiri jibu, na ukikaa kimya anaweza kuwafungia laini. Mwandikie leo, mistari michache: tumepokea, tumehakiki tukio la 23:10 UTC ambalo ni 02:10 kwa saa za hapa, tumekuta au tunachunguza huduma ya DNS iliyo wazi kwenye ruta, tumeifunga saa fulani, tafadhali tuthibitishieni kama bado mnaiona. Nakala mpe mkurugenzi. Kwenye nakala hiyo ongeza aya moja ukieleza kwamba orodha ya vifaa 43 ilitolewa kwa saa isiyo sahihi, na uombe irudishwe kwako pamoja na nakala zake zote.